Kifuniko cha Rejeta

Jumapili iliyopita, pale Donholm, niliwakuta wenye magari ya zamani wakielekezana jinsi ya kusafisha kabureta. Harufu ya petroli ikanirudisha uani kwetu, kwenye pikapu kuukuu ya Baba, nilipokuwa msichana mdogo.

Rafiki zake walikuwa wameifungua injini, kila mmoja akaondoka na kipande. Nasi ndio kwanza tulikuwa tumetoka kumzika Babu Kakamega, nilikoona jamaa wakigawana nguo zake. Nikajua pikapu nayo imekufa. Nikaficha kifuniko cha rejeta chini ya godoro, fungu langu.

Wiki iliyofuata, alasiri, walirudi na vipande vikiwa vinang'aa, wakavifunga. Kifuniko tu ndicho kilichokosekana. Nikakileta nikilia.

"Ni urithi wangu," nilisema.

Baba hakucheka. "Mama," akaniambia, "hii gari haijakufa. Kila mtu alibeba kile anajua kutengeneza."

Injini ikakohoa, ikanguruma. Baba akanipakata nyuma ya usukani. Nikamuuliza kama wale waliobeba nguo za Babu nao watarudi.

Alinikumbatia kwa nguvu, akakanyaga mafuta, injini ikavuma mtaa mzima.