Robota la Baba Mkwe

Jumamosi, katikati ya mwezi wa saba. Baridi kali tangu alfajiri. Ukungu umekaa juu ya Msamala hapa kwetu mpaka saa nne, halafu jua limetoka lakini halina joto.

Mwanangu Fidelis, jana ulipopita hapa uliniuliza jambo, nami nikakujibu nusu nusu kwa sababu wageni waliingia. Ulisema kampuni yenu ya mahindi imekupa kazi ya kuchagua wenye malori, na shemeji yako ana lori, na kwenye taratibu za kazini hakuna neno lolote kuhusu shemeji. Ukasema, "Baba, hakuna kinachonizuia." Tangu asubuhi nalifikiria hilo neno. Mimi si mwandishi, shule yangu iliishia darasa la saba, na huenda mengine nayakumbuka vibaya. Lakini ipo siku moja kule Namtumbo ambayo haijanitoka kichwani, na naona sasa ni yako pia.

Ilikuwa miaka ile ushirika ulipolegea, na makampuni ya watu binafsi yakaanza kuja kununua tumbaku. Vijana tuliojua tumbaku tulitafutwa. Mimi nilikulia kwenye moshi wa mabani, yale mabanda ya kukaushia, nikachukuliwa kuwa mteuzi. Mteuzi ndiye anayesimama mezani siku ya soko. Anafungua robota, ule mzigo wa tumbaku iliyofungwa, anachomoa majani, ananusa, anayapima kwa vidole, kisha anataja daraja na tiketi inabandikwa. Mkulima amehangaika mwaka mzima, amekata kuni, amekohoa moshi, halafu anasimama pale anakutazama mdomo. Kazi hiyo niliipenda. Nilivaa koti la kampuni hata Jumapili, mama yako akinicheka.

Mama yako wakati huo alikuwa bado kwao. Mshenga wangu alikuwa amekwisha kupeleka jembe kwa baba yake, babu yako Desideri, nalo likapokelewa. Unajua kwetu: jembe likishapokelewa, wewe ni mkwe, hata kama kanisani hamjatangazwa. Unamwamkia mzee kwa kuinama, na humpingi mbele za watu.

Sasa soko likakaribia, na babu yako alikuwa na tumbaku ya kuuza kwetu. Nikaenda kwa meneja, nikamwambia mkwe wangu ataleta tumbaku mezani kwangu. Nataka nimtendee haki huyo meneja, hakuwa mtu mbaya, alikuwa mgeni tu wa kutoka mbali, na kazi alizokuwa nazo zilikuwa nyingi. Aliniuliza, "Umefunga ndoa?" Nikasema bado. Akasema, "Basi huyo si ndugu yako. Fanya kazi." Akarudi kwenye simu yake.

Siku ya soko ghala lilijaa. Mteuzi mwenzangu, Saidi, kijana Myao wa Tunduru aliyekuwa hawezi kukaa bila utani, aliona marobota ya babu yako yanasogezwa akaninong'oneza kwamba mahari yangu inakuja yenyewe mezani, niipandishe daraja kidogo ili mzee anipunguzie. Wakulima nao hawakunyamaza. Mmoja akasema, "Mteuzi, hilo ushike kwa mikono miwili, ni la mkweo." Watu wakacheka. Babu yako alisimama kando, kofia mkononi, uso wake umetulia. Alikuwa na haki ya kujivuna, maana tumbaku yake ilisifiwa mpaka mbali.

Nikalitazama robota. Nilitaka liwe daraja la kwanza. Nilitaka hivyo kabla sijagusa jani hata moja, na hapo nikajiogopa. Halafu nikaogopa upande wa pili: labda kwa kukwepa kuonekana napendelea nitampa la tatu, nimdhulumu mzee wa watu. Sikujua mkono wangu ungefanya nini. Basi nikakung'uta mikono, nikamwonyesha Saidi meza, nikageuka nikaenda kwenye marobota ya mtu mwingine. Sikusema neno.

Mwanangu, wewe hukukulia kwenye tumbaku, kwa hiyo nikueleze. Robota lililooza, mteuzi haligusi. Anakung'uta mikono, anageuza mgongo, anaenda kwa linalofuata. Ndivyo ilivyo, na kila mtu ghalani anajua. Mimi niliona najitoa kwa heshima. Wao waliona nimeikataa tumbaku ya mkwe wangu bila hata kuinusa.

Saidi akaja haraka, akafungua, akanusa, akasema daraja la pili. Lakini nani alisikiliza? Babu yako alivaa kofia akatoka.

Kesho yake mshenga alifika kwangu na jembe. Hakuingia ndani. Aliliegemeza ukutani, akasema mzee amesema hawezi kumpa binti yake mtu aliyemgeuzia mgongo mbele ya wakulima wenzake. Nililitazama lile jembe, nikaona mama yako anakwenda kwa mtu mwingine.

Nilikwenda kwao hivyo hivyo. Babu yako hakutoka. Aliyetoka ni dada yake mkubwa, marehemu Bibi Agata, unamkumbuka, yule aliyekuwa anakupa karanga. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza yote: meneja, woga wangu, mkono wangu nisioujua. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anapepeta mahindi. Kisha akasema, "Mkwe, kujitoa umefanya vizuri. Lakini umejitoa kimya kimya, kama mtu anayekimbia. Mdomo wako ulikuwa na kazi gani siku hiyo?"

Nikasema niliogopa watu watasema najionyesha.

"Sasa wamesema nini?"

Akaniambia wakulima hawawezi kusoma moyo wangu, wanasoma mgongo. Akasema kama naona aibu kutaja kwamba huyu ni mkwe wangu, basi jembe limekaa mahali pake pale ukutani.

Soko lililofuata babu yako alileta marobota yaliyobaki, maana mahali pengine pa kuuza hapakuwepo karibu. Kabla meza haijafunguliwa nilipanda juu ya mzani. Nikasema, "Wazee wangu, shikamooni. Mzee Desideri ni baba mkwe wangu. Kampuni inasema bado, lakini nyumbani tunajua. Tumbaku yake sitaigusa, si leo wala msimu wowote, iwe nzuri iwe mbaya. Ataitazama Saidi, na atakalosema Saidi ndilo. Na soko lililopita sikuikataa, nilikosa kusema."

Meneja alikunja uso kidogo, lakini hakunizuia, na baadaye alikuja kuniambia nimemfundisha kitu. Hilo nalo nimeona niliandike.

Babu yako alisogea mezani, akamwambia Saidi, "Haya bwana, tazama vizuri. Usinibane kwa sababu nimepata mkwe ghalani." Ghala zima lilicheka, na mimi kule nilikokuwa nimesimama nilijisikia mtu mkubwa, Mungu anisamehe. Saidi akataja daraja la pili tena. Mzee hakubisha. Alipopita karibu yangu hakunitazama, alisema tu kwa sauti ya chini, "Mwambie mshenga arudishe jembe langu."

Basi, mwanangu, hayo ndiyo niliyotaka kukuambia jana. Taratibu za kampuni zinawajua ndugu wachache tu. Wewe ndiye unayejua ni nani akifika mezani mkono wako unataka kumpendelea. Ukimjua, mtaje. Mtaje mapema, kwa mdomo, mbele ya mkubwa wako na mbele ya wenye malori wengine, na shemeji yako mwenyewe ayasikie kutoka kwako kabla hajayasikia kwa watu. Kisha mpishe mwingine achague, na shemeji akikosa kazi, usiende kumnong'oneza huyo aliyechagua. Atanuna. Babu yako naye alinuna. Mimi nilikaa mezani pale miaka mingi baada ya siku ile, na wakulima wakibishana na mteuzi mwingine walikuwa wanasema, mwiteni yule aliyemkataa mkwe wake. Walisema kwa utani, lakini waliniita. Sijapata sifa nyingine kubwa kuliko hiyo, na huenda hata hiyo ni kubwa kuliko mimi.

Mungu akulinde kazini kwako, akupe mdomo mwepesi pale mkono unapokuwa mzito, na watoto wako walitaje jina lako mahali popote bila kutazama chini.

Jioni tumekula ugali na kisamvu cha karanga, na dagaa wa Nyasa kidogo waliobaki juzi. Nimemsomea mama yako haya niliyoandika. Amesikiliza yote, akasema ni kweli, ila ile tumbaku ya baba yake ilikuwa daraja la kwanza na Saidi hakuwa na pua. Nimejiongezea mboga.