Chumba Kinachotazama Ziwa

Mume wangu anafanya kazi uwanja wa ndege, Kanombe, upande wa mizigo. Mwaka mzima anapakia mabegi ya watu wanaokwenda kupumzika, kisha jioni anarudi kwetu Masaka na kunikuta pale aliponiacha asubuhi, kati ya jiko na kochi. Mwaka jana alipopata likizo nilipata malaria. Mwaka juzi niliumwa mgongo. Mwaka huu akaniwahi.

"Mama watoto, kabla hujaugua, chagua wewe mahali pa kufikia. Popote. Jumatatu tunaondoka. Na mara hii tusipokwenda, sitaomba tena."

Alisema akicheka, lakini hilo la mwisho halikuwa na kicheko ndani yake.

Basi nikakaa na simu. Watu wengine huuliza bei. Mimi niliuliza hatari. Nikaanza na Gisenyi. Mwenye nyumba ya wageni alikuwa mwanamke mchangamfu. Nikamwuliza kama ziwa liko mbali.

"Mbali? Hapana, mama! Iko karibu sana. Unafungua tu mlango, unakanyaga maji."

Nikamshukuru, nikakata. Mimi huyu, ninayeoga kwa ndoo ili niyaone maji yote yalipo!

Kule Musanze akapokea mwanamume wa sauti nzito. "Volkano mtaiona mkiwa kitandani," akasema, kama mtu anayetoa zawadi. Nikauliza kama imelala. "Ya kwetu imelala, mama. Za Kongo ndiyo ziko macho." Huyo nilimkatia bila kushukuru.

Wa karibu na mbuga ya Akagera ndiye aliyenimaliza. Kiboko wao huja jioni bustanini kula majani, na wageni wanampenda sana. "Na yeye anawapenda?" nikauliza. Akacheka mpaka akakohoa. Nikakata.

"Vipi, hoteli za Rwanda zimekwisha?" mume wangu akauliza kutoka kwenye kochi. "Tujaribu mwezini?"

Ndipo nikaipata. Rebero. Kilimani, hapa hapa mjini kwetu, ukuta mrefu, mlinzi mlangoni, na nikitaka kurudi kuangalia nyumba yangu, ni kupanda pikipiki tu. Tena, mhudumu akasema, kutoka barazani mnaona uwanja wa ndege wote. Nikaona Mungu amenihurumia. Nikaenda kutangaza.

Mume wangu akaweka kikombe chini. "Rebero hii ninayoiona nikiwa kazini?"

"Hiyo hiyo. Ina hewa nzuri."

"Kwa hiyo nitakaa barazani, niwaangalie wenzangu wakipakia mizigo."

Nikangoja aongeze utani. Hakuongeza. Akawasha televisheni, akaitazama kama anavyotazama ukuta. Miaka yote nimezoea kuchekwa na mtu huyu, na sasa kimya chake kilinitia hofu kuliko kiboko.

Nikakaa pembeni yake. Nikamweleza jambo ambalo sikuwahi kulisema, kwa kuwa mchana linaonekana la kijinga. Bibi yangu aliondoka kwao kwa siku chache tu, ndivyo alivyoambiwa. Akafunika maharagwe yaliyoanza kuiva ili akirudi ayamalizie. Hakurudi. Mama amekulia Karagwe, ukimbizini ng'ambo ya mpaka, mimi nimezaliwa Karagwe. Kila nikishika ufunguo wa nyumba hii na begi mkono wa pili, nasikia sauti inaniambia: ukifunga, umefunga.

Alizima televisheni. Yeye naye amekulia ukimbizini, Bujumbura; hakuhitaji maelezo marefu.

"Kwetu nao walifunga mlango hivyo hivyo," akasema. "Lakini sisi hatufukuzwi, mama watoto. Tunakwenda kuoga."

Nilicheka. Nikampa simu. "Chagua wewe. Usinionyeshe. Ukinionyesha nitaugua."

Akatoka nayo uani ili nisisikie, akasahau kwamba dirisha la jikoni halifungi vizuri. Nilimwona akitembea huku na huku kando ya kamba ya nguo, sauti imempanda kama ya kijana anayeposa. Mkono wake wa kulia ukainuka, ukachora mawimbi hewani, moja, jingine, kubwa zaidi.

"Eeh, dada," nikamsikia, "chumba hicho hicho. Cha kukanyaga maji."

Nikakaa juu ya ndoo, nikaanza kufikiria nguo za kupakia.