Mistari Aliyoiruka Jirani

Juzi mwanafunzi mmoja alinirudishia kitabu, hapa maktaba ya skuli yetu ya wasichana Ibra, Oman. Kilikuwa safi kama siku niliyomkabidhi. Nikamuuliza kama amekisoma.

"Nimekisoma, abla," akasema, kama wanavyotuita huku walimu wa kike. Alisema kwa Kiswahili chake cha kuchanganya, maana na wao ni watu waliorudi kutoka Unguja. "Simu imenisomea, ikanifupishia."

"Na imeacha nini?"

Akanitazama kwa upole, kama unavyomtazama mtu mzima asiyejua mambo. "Sijui, abla. Nitajuaje?"

Akenda zake darasani, mimi nikabaki na jibu lake. Ili nikwambie kwa nini lilinichoma, itabidi nikurudishe nyumbani kwa bibi yangu, upande wa zamani wa mji, msimu wa kuchemsha tende. Siku hizo ua mzima ulinuka moshi na utamu. Masufuria makubwa yalitokota tangu alfajiri, na sisi watoto tulizianika tende kwenye majamvi, nzi wakitushinda. Kazi yangu nyengine ilikuwa kuosha vyombo kwenye falaji, maji ya mfereji yakinipita vidoleni, baridi hata wakati wa joto.

Bibi alikuja Oman na wanawe, akamwacha mdogo wake wa pekee Unguja. Kurani aliisoma vizuri, na Kiswahili alikiandika kwa herufi za Kiarabu, lakini herufi za Kizungu hakuzijua. Na barua za mdogo wake ziliandikwa kwa herufi hizo; aliyemwandikia ni mjukuu wa huyo mdogo wake, aliyesoma skuli. Basi msomaji wetu alikuwa jirani. Alikuwa mwalimu huko Unguja, na huku pia mtaa mzima ulimwita mwalimu. Alikuja baada ya alasiri, akakohoa mlangoni, akapokewa kwa kahawa ya iliki na mkate wa kumimina. Akishasoma, bibi humtajia majibu naye akaandika: tende za mwaka huu, mbuzi waliozaa, nani kaposa.

Nilimpenda sana jirani yule. Alinifundisha herufi za Kizungu kwenye mifuko ya saruji aliyoikata vipande, kabla sijazifikia skuli. "Mwenye kujua kusoma hadanganyiki," alikuwa akiniambia kila nikichoka.

Kisha zikaja habari kuwa mdogo wake bibi amefariki. Bibi alilia, akakaa matanga, akawa anawaambia wanawake waliokuja kumpa pole kuwa kifo kile ni cha ghafla, maana barua ya mwisho ilisema hajambo.

Mwaka ulipopita, nikiwa na miaka kumi hivi, bibi alitoa barua zote kwenye bati la biskuti. "Umeshajua kusoma sasa," akasema. "Nisomee, nimsikie tena."

Nikaanza kwa majivuno. Salamu, mvua, karafuu. Kisha nikasoma: "Dada, miguu hainichukui tena. Njoo tuonane. Na kama huji, niandikie huji, nijue moja."

"Rudia hapo," bibi akasema.

Nikarudia.

"Hayo yameandikwa?"

"Yameandikwa, bibi."

Nilidhani nimekosea. Aliichukua ile karatasi, akaitazama muda mrefu, kisha akanirudishia. Tulisoma zote mpaka adhana ya magharibi. Ombi lilikuwa lile lile katika barua za miaka miwili, na katika ile ya mwisho mdogo wake aliuliza, "Mbona hunijibu ninalokuuliza?"

Siku ya pili jirani alikuja kunywa kahawa. Bibi akampa barua ile ya mwisho. "Mwalimu, nisomee tena. Nimeisahau."

Akavaa miwani, akasoma kwa sauti yake nzuri ninayoijua. Mimi nilikuwa nimeshaihifadhi. Alipofika kwenye lile swali hakukwama, hakumeza mate. Aliliruka, akaingia kwenye salamu za mwisho. Nilitaka kusema, bibi akanikamata mkono.

"Ahsante, mwalimu," akasema, akammiminia finjani ya pili.

Baba aliporudi, bibi akamuuliza. Baba aliinama. Ni yeye aliyemwomba jirani afiche. "Wakati ule safari ya Unguja ilikuwa haiwezekani, mama. Ungeumia bure."

"Ningeumia," bibi akasema. "Lakini ningemjibu. Mwenzangu ananiita, mimi namwandikia habari za mbuzi."

Sikwenda tena kusoma kwa jirani. Siku moja alinikuta kwenye falaji, akaniuliza mbona nimepotea. Nikamwambia bibi ana kazi na mimi. Alinitazama kidogo, akapita. Nadhani alijua. Alipokufa nilikwenda matangani kwao nikiwa msichana mkubwa, nikamwombea kama tunavyotakiwa, na moyo wangu haukulainika.

Hakuwa mtu mbaya. Alituonea huruma, na ndilo linalonisumbua hadi leo: aliyenipa kusoma ndiye aliyemnyima bibi barua zake, na sauti ilikuwa moja. Sasa nawaona wasichana wangu wanasomewa na kitu kisichowajua hata kuwahurumia, nawaambia fungueni wenyewe, wananiona mshamba. Mwaka huu rafu mbili zimeondolewa, pamewekwa skrini. Nilitia sahihi mimi mwenyewe.

Siku zile, baada ya jirani, barua hazikukoma. Yule mjukuu wa Unguja aliendelea kuandika, na sasa msomaji nilikuwa mimi. Nilisoma kila neno, hata yaliyokatwa kwa kalamu. Mchana mmoja nikatoka jikoni na sinia ya mkate, nikamkuta binti wa shangazi yangu amekaa na bibi barazani. Alikuwa akimsomea barua niliyomsomea mimi asubuhi, polepole, na bibi akimfuata kwa kidole kwenye herufi asizozijua. Nilirudi nyuma kabla hawajaniona. Sikumlaumu bibi. Lakini nilikuwa sijaruka hata nukta.

Nyumba ile leo haina paa. Falaji imekauka upande wetu, tende za kuchemsha tunanunua, na wanaosema Kiswahili kama cha bibi wamebaki wachache, wenyewe wazee. Hayo nayastahamili. Nisilolistahamili ni kuwa zamani bibi akisomewa alikuwa akifumba macho, uso umetulia kama aliyelala. Baada ya mwaka ule hakuyafumba tena, hata nilipomsomea mimi.