Hapana ya Tatu

Maren, binti wa mdogo wangu Ardell, alirudi nyumbani mwezi wa sita kutoka chuoni, kashika chupa ya maji kubwa kuliko ile tunayonyweshea ndama. Miaka mitatu anasomea lishe ya ng'ombe. Miaka mitatu! Ng'ombe anakula majani, mama. Hata paka wangu analijua hilo, na paka wangu hakwenda shule.

Mimi ndiye Lavonne, shangazi yake. Nakaa nyumba ndogo upande wa pili wa ua, na dirisha langu la jikoni linatazama mlango wa zizi, kwa hiyo hapa halinipiti jambo. Ardell anakamua ng'ombe arobaini na wawili. Mkewe alikwenda zake Arizona na muuza madirisha, na tangu siku hiyo ndugu yangu, ambaye hata zamani hakuwa msemaji, amebakiwa na maneno kama kumi hivi na anayatoa kwa ubahili. Bega lake la kulia limekufa, hata kofia kanisani anaivua kwa mkono wa kushoto. Daktari kamwambia apasuliwe kabla ya theluji. Je, alimwambia mtu? Thubutu! Niliikuta karatasi mwenyewe juu ya friji lake.

Basi asubuhi ya kwanza, saa kumi na moja alfajiri, Maren akaja zizini na viatu vyake vya mpira. Nilikuwapo, nimefuata maziwa ya kahawa.

"Baba, nikusaidie?"

"Aa, usijisumbue. Nimeshazoea."

"Sawa," akasema, akageuka, akarudi kulala.

Sawa! Ardell alibaki kasimama na ndoo mbili, anautazama mlango. Nami nikajiuliza kama huyu mtoto kazaliwa nyumba hii au kaokotwa. Nani asiyejua? Kwetu mtu akikupa kitu, unakataa. Akirudia, unakataa tena, ila kwa sauti ya chini. Akirudia mara ya tatu unasema, "Basi, kama si usumbufu," na hapo ndipo watu wanaanza kula. Mchungaji wetu wa sasa, mtu wa kuja, nusura atuue kwa njaa kwenye karamu yake ya kwanza, maana alikaribisha mara moja tu, kisha akaanza kujipakulia mwenyewe.

Wiki tatu mambo yakaenda hivyo. Kila alfajiri binti anauliza mara moja, kila alfajiri baba anakataa mara moja, halafu msomi wetu anakwenda kukaa barazani na kitabu chake cha lishe, wakati walaji wenyewe wanahangaishana na mzee mwenye mkono mmoja. Nilimwangalia dirishani mpaka kahawa ikapoa kikombeni. Siku moja nikavuka ua.

"Wewe! Baba yako anakamua peke yake na bega bovu, nawe umekaa hapa kama bibi harusi?"

"Nimemuuliza, shangazi. Kila siku namuuliza. Anasema hapana."

"Unamuuliza mara ngapi?"

"Mara moja. Hapana si ni hapana?"

"Loo! Ndiyo mnayofundishwa huko?"

"Tunafundishwa mtu akikataa, umheshimu."

"Basi waheshimuni hukohuko. Hapa hapana ya kwanza ni adabu, ya pili ni haya, ya tatu ndiyo jibu. Umesikia? Na wewe mwenyewe ukiulizwa usidakie kama mbwa aliyetupiwa mfupa. Watu watasema tumekulea bila mama."

Akafunga kitabu, mashavu mekundu. Nikaona dawa imeingia. Sikuishia hapo, maana mimi nikishaanza kusafisha nyumba nasafisha mpaka chini ya kabati. Nikaenda zizini.

"Ardell, na wewe acha kumzungusha mtoto. Huko alikokaa watu wanasema wanachomaanisha. Ndiyo yake ni ndiyo, hapana yake ni hapana. Usitafute kingine ndani yake."

"Hm," akasema.

"Hm nini?"

"Nimesikia."

Nikarudi kwangu, nikakata keki, nikala nimekaa, nimeridhika na nafsi yangu.

Mwezi wa saba wakakamua pamoja. Nilimsikia akiuliza mara ya pili, mara ya tatu, na Ardell akisema lile neno lake la "kama si usumbufu." Binti alipunguza mahindi kwenye chakula, akaongeza sijui nini, na maziwa yakaongezeka. Akamgundua ng'ombe anayechechemea kabla hajachechemea. Sitamsifu, sifa zilimharibu mbwa wangu. Lakini nilimsikia ndugu yangu akicheka zizini, na sauti ile sikuwa nimeisikia tangu enzi za muuza madirisha.

Halafu mwezi wa nane akaja Gaylen Brekke, mnunuzi wa ng'ombe. Akaegemea pikapu lake, wakazungumza mvua nusu saa nzima, yeye na Ardell, wote wawili wanaangalia matairi. Mwisho akasema anawataka wote arobaini na wawili, Jumamosi, akipata jibu Ijumaa. Ardell alinieleza mpango wake mimi, si Maren, kidogokidogo, kwa muda wa siku nne. Maren kabakiza mwaka mmoja chuoni. Kama atataka kurudi hapa akimaliza, yeye Ardell atapasuliwa, ataweka kibarua wa kukamua majira ya baridi, na ng'ombe watamngoja binti. Kama hataki, basi waende. Mtu mmoja hawezi.

"Muulize basi," nikamwambia.

"Nitamuuliza."

Ijumaa mchana tukala kwangu. Nilioka nyama ya kusaga na viazi, na keki. Ardell akaweka uma chini, akaangalia chupa ya chumvi.

"Maren. Ukimaliza chuo. Ungependa kurudi hapa? Kwa ng'ombe?"

Nilimwona yule mtoto akiwaka uso mzima. Akafungua mdomo, akaufunga, akanitupia jicho mimi, kisha akainamia sahani yake.

"Aa, hapana, baba. Usijisumbue kwa ajili yangu."

"Sawa," akasema Ardell.

Mimi nilikuwa nimesimama na birika la kahawa mkononi, na nilichofikiri nakisema bila kuficha: nilimdharau. Nikasema moyoni, tazama, kitabu kimempa pua ndefu, harufu ya zizi haimfai tena. Nikammiminia kahawa mpaka ikafurika kwenye kisahani. Kilikuwa kimebaki kipande kimoja cha keki. Maren akakikata nusu, akaacha nusu. Ardell akaikata ile nusu, akaacha nusu yake. Kilichobaki nikakifunika na sahani, maana hakuna mtu kwetu aliyelelewa vizuri anayemaliza keki.

Jioni hiyo Ardell akampa Gaylen jibu. Asubuhi ya Jumamosi alikamua peke yake, alimwambia binti alale. Malori mawili yakaingia saa tatu. La kwanza likabeba ishirini na wawili, likaondoka. La pili lilikuwa linafungwa mlango Maren alipotoka mbio, kiatu kimoja mguuni.

"Shangazi, wanapelekwa wapi?"

"Kwa Gaylen. Si ulikataa?"

"Nilikataa mara moja!" Alipiga kelele mpaka ng'ombe wakageuka. "Mara moja! Nilikuwa nangoja aniulize tena! Wewe si ndiye uliyenifundisha, nisidakie kama mbwa?"

Ardell alikuwa kashika lango. "Lavonne," akasema, "uliniambia hapana yake ni hapana."

Wakanitazama wote wawili. Mdomo huponza kichwa, wanasema. Wangu uliponza vichwa ishirini na viwili, na vingine ishirini vilikuwa vinanitazama kwenye nyufa za lori.

Gaylen akavua kofia, akajikuna. "Wale wa kwanza wameshapata mwenyewe, neno langu liko kwake. Lakini hawa, Ardell... unataka tuwashushe?"

"Aa, usijisumbue. Umeshawapakia."

Maren akaziba uso kwa mikono.

"Si kazi kubwa," akasema Gaylen.

"Hapana," akasema Ardell, kwa sauti ya chini. "Una safari ndefu."

Gaylen akavaa kofia yake. Akaangalia saa. Akaweka mguu kwenye ngazi ya lori, mtu aliyezaliwa maili nne kutoka hapa, aliyebatizwa beseni moja na sisi, akashika mlango, akaanza kupanda! Miaka sabini na mmoja sijamwomba mtu yeyote hata chumvi. Nikavuka ua na aproni yangu.

"Gaylen Brekke! Shuka! Muulize tena, we mpumbavu!"

Alishuka, uso umemwiva. "Ardell," akasema, "tuwashushe?"

Ndugu yangu hakumtazama Gaylen. Alimtazama binti yake, ambaye kamasi zinamtiririka na kiatu chake kingine hakijulikani kilipo.

"Basi," akasema, "kama si usumbufu."

Waliwashusha mmoja mmoja, Maren akiwaita kwa majina na kuwahesabu, na alipofika ishirini akaendelea kutazama ndani ya lori tupu. Sikungoja kuambiwa neno. Niliingia ndani, nikafunua sahani, nikala kile kipande cha keki kilichobaki, bila kumkaribisha mtu.