Kichwa Nilichokataa Kukikata

Ami yetu hakuja siku upepo ulipong'oa bati la jikoni na mvua ikavinyeshea vyombo vyetu. Hakuja mdogo wangu wa kike alipolazwa kwa homa ya matumbo. Alikuja kwa ajili ya joka.

Naandika haya hasira zingali nami, na sioni sababu ya kuzificha. Watu wameniambia jambo lenyewe dogo, sanamu tu. Kama ni dogo, kwa nini mtu mzima alivaa kanzu iliyopigwa pasi, akatoka mjini mpaka kwetu Mpendae kuja kulisema?

Nianze na joka lenyewe. Mdogo wangu wa kiume anafanya kazi kwenye karakana ya mjini inayotengeneza meno ya bandia. Wana mashine huko, ukubwa wake kama friji ndogo ya soda, na ndani yake mnatiwa resini, maji mazito yanayoganda yakipigwa na mwanga. Mashine inayagandisha tabaka juu ya tabaka, kila tabaka jembamba kuliko karatasi, mpaka jino linatoka zima. Jioni moja alinionyesha kwenye simu vitu vyengine ambavyo mashine kama ile inaweza kuvichapa. Nilikuwa natizama kwa adabu tu, akili yangu iko kwenye hina niliyoiroweka. Halafu likatokea joka. Limekaa juu ya gofu la mnara, mabawa wazi, magamba yamepangana moja moja mpaka kwenye kope.

"Hili nnalitaka," nikasema.

Akacheka. "La nini, dada?"

"Si la kitu. Nnalitaka."

Akaniangalia. Ananijua. Tangu nilipoacha skuli nikiwa Kidato cha Pili, baba ameshatangulia na mama amemfuata, sijawahi kutaka kitu kisicho na kazi. Nilitaka mchele, nilitaka sare za wadogo zangu. Nilijifunza kuchora piko, maua meusi ya mikononi na miguuni, kwa jirani yetu kwa kuwa mji huu harusi haziishi, na mkono wangu ukazoea. Miguu na mikono niliyoichora ni mingi mno. Ni kazi nzuri na naipenda, lakini bibi harusi akishafua na kuosha vyombo siku chache, maua yangu yote yamekwenda na povu. Kitu nilichokianza nikakimaliza, kikabaki, nilikuwa sina. Hata skuli sikuimaliza.

Tajiri wa mdogo wangu, mwenye karakana, alimruhusu kutumia resini iliyopita tarehe, isiyofaa tena kutiwa mdomoni mwa mtu. Kwa hiyo joka langu lilikuja nyumbani kipande kipande, ndani ya mfuko, likiwa na rangi ya meno. Leo mkia, wiki ijayo paja, halafu bawa.

"Lahaula," alisema mdogo wangu wa kike alipofungua mfuko wa kwanza. "Nani kang'olewa gego kubwa hivi?"

Vipande vilitoka na vijiti vyembamba vimevizunguka kila upande, kama miba ya changu, maana mashine huvihitaji kushikilia umbo lisianguke. Nilivaa glavu, nikaviosha vipande kwa spiriti, nikakata miba ile mmoja mmoja kwa mkasi wa kucha. Kisha nikapiga msasa ndani ya beseni la maji ili vumbi lisiruke tukalivuta. Kazi hiyo hainishindi. Anayeweza kukaa na mguu wa bibi harusi asiyetulia, huku shangazi zake wote wanamwambia akae hivi akae vile, anaweza kukaa na paja la joka.

Nilikosea kwenye mabawa. Mdogo wangu wa kiume aliniambia, "Ukishayaosha, yape jua kidogo yakauke vizuri." Sasa mtu aliyelelewa kwa bibi yake shamba, mwambie jua kidogo, atafahamu nini? Nilitandika mkeka uani, nikayaanika mabawa asubuhi, nikayageuza adhuhuri, nikayaanua baada ya alasiri. Aliporudi kazini akayakuta yamejikunja kama papadi, rangi imegeuka manjano.

"Dada! Hizi si karafuu!"

"Ulisema jua."

"Nilisema kidogo!"

"Kidogo ndiyo hiyo. Karafuu ningezianika siku nyengine tena."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Nilichemsha maji, nikayatumbukiza mabawa, nikayanyoosha taratibu kwa vidole yalipolainika. Moja likavunjika pembeni. Nililipiga tupa ile sehemu ikaonekana kama imeraruka vitani, na mpaka leo kila anayeliona husema hapo ndipo palipo pazuri.

Nililiunganisha kwa gundi kali, nikaziba mianya ya viungo kwa puti ya magari. Kichwa nilikiweka mwisho. Kilikaa kwenye shingo kama kimezaliwa pale, nikakizibia na kukisugua mpaka ukipitisha ukucha hupati mshono. Nikalipulizia rangi ya kijivu niliyoinunua Mwanakwerekwe kwa wauza rangi za magari. Juu yake nikaja na kijani, na katikati ya magamba nikapitisha weusi mwepesi uliozama kwenye mifereji. Hapo ndipo lilipoamka. Nililiweka juu ya kabati la vyombo ukumbini. Kilichobaki ni macho na vanishi tu.

Wakati huohuo ikaja habari ya posa. Familia moja ya Mwanakwerekwe ilituma ujumbe kwamba inataka kuja Ijumaa kumposa mdogo wangu wa kike kwa ajili ya kijana wao. Yeye alikuwa amemtaka kijana huyo muda mrefu na sote tulijua. Tukampelekea habari ami, kama inavyopasa, maana ndiye ndugu pekee wa baba aliyebaki, na mbele ya watu ndiye anayesema kwa niaba yetu. Alijibu atakuja. Halafu mmoja wa wanawake waliokuja kwangu kuchorwa akalipeleka joka mjini kwa ulimi wake, na ami akaja kabla ya Ijumaa.

"Shikamoo, ami. Karibu ukae."

"Marahaba." Hakukaa. Alinyoosha fimbo yake juu ya kabati. "Ndilo hili?"

"Ndilo."

"Na mnaswali humu?"

"Tunaswali chumba cha pili. Huku hatuswali."

"Nyumba ya ndugu yangu imewekwa sanamu! Likate kichwa. Likikatwa kichwa limekuwa kama gogo, halina neno. Ukilikata, Ijumaa nnakuja kukaa na wageni. Hukulikata, siji. Tafuteni wa kuwapokea."

"Na yule farasi wa kigae aliye kabatini kwako, ami? Nimemwona nilipokuja kumchora binti yako. Kichwa anacho, na singa za dhahabu."

"Yule pambo."

"Na hili ni nini?"

"Usinijibu!" Fimbo ikagonga sakafu. "Mtoto wa kike umekaa bila ya mkubwa, umejifanya wewe ndiye mkubwa."

"Kulikuwa na nani mwengine, ami?"

Aliondoka hata maji hakunywa.

Nataka nifahamike hapa. Wapo wanaoliona jambo hili kama alivyolisema yeye, na wanaliona kwa nia safi. Jirani yangu mmoja akipita ukumbini kwangu hugeuza uso, akaniambia sababu yake kwa upole, nami simchukii. Ami angekaa, akanizungumzia dini kama mzee na mwanawe, ningemsikiliza, na pengine ningelihamishia joka chumbani kwangu. Lakini ami hakuja na dini. Alikuja na Ijumaa ya mdogo wangu mkononi, akataka nimpe kichwa ndipo aiachie.

Baada ya Magharibi tulikaa watatu jikoni. Mdogo wangu wa kike ndiye aliyeanza, na alianza kwa mzaha.

"Tuweke sumaku. Moja shingoni, moja kichwani. Ami akibisha hodi, tunakivua. Akiondoka, tunakirudisha. Si kaka fundi wa meno ya bandia?"

Kaka yake akacheka. "Inawezekana kabisa. Vijisumaku vidogo vipo."

"Sitaki," nikasema.

"Ni kichwa tu, dada."

"Sitaki. Kila akipiga hodi nivue kitu. Nishavua vingi."

Mzaha ukamtoka usoni. Akaweka kikombe chini. "Basi sema tu kwamba hiyo ni posa yangu unayoichezea. Watu wa Mwanakwerekwe waje wakute hakuna mzee wa kuwapokea? Waseme nimetolewa na nani, na joka?"

Neno hilo lilinichoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Aibu ingekuwa yake. Mimi ningebaki na joka langu juu ya kabati, yeye angebaki na maneno ya watu maisha yake yote ya ndoa. Niliinuka nikaenda ukumbini, nikachukua msumeno mdogo niliokatia vijiti vinene. Niliushika. Nilikitizama kile kiungo cha shingo nilichokisugua mpaka kikapotea, nikatafuta mahali pa kuanzia. Nikamfikiria ami, kwamba Ijumaa ataingia, atatizama juu, ataliona gogo lake, kisha atakaa kwenye ule mto mkubwa wa kukalia mwenyeji na kuzungumza kama aliyetulea. Nikauweka msumeno shingoni, nikauondoa, nikauweka tena.

Mdogo wangu wa kiume alikuja akasimama mlangoni.

"Dada, weka msumeno. Kwani walii wake ni nani?"

Kila mtu analijua hilo: baba hayupo, babu hayupo, walii, mwenye haki ya kumwozesha, ni kaka yake. Lakini tulipofiwa kaka yake alikuwa mtoto wa kaptura, ami akachukua nafasi ya msemaji, na miaka ikapita hakuna aliyekumbuka kumtizama yule mtoto ameshaota ndevu.

"Utaweza kusema mbele ya wazee?" nikamuuliza. "Wewe unayeona haya hata kuagiza chai?"

"Ntasema. Maneno yenyewe si mengi."

Dada yake alikuwa nyuma yake, macho mekundu. "Na ukikwama?"

"Nikikwama utasikia kwenye pazia, utanikoholea."

Mdogo wangu wa kike hakucheka. Lakini alinijia, akanitoa msumeno mkononi, akaurudisha kwenye kopo lake.

Ijumaa asubuhi, kabla ya kuanza kukaanga visheti, nililishusha joka nikalitia macho. Nilitumia kijiti kilekile ninachochorea ncha za maua ya piko. Manjano ya kiini cha yai kwanza, halafu mstari mweusi wa kusimama, halafu nukta nyeupe ndogo kabisa ya mng'ao. Mkono ulikuwa umetulia. Jicho la pili lilitoka kali kuliko la kwanza na nikaliacha hivyo.

Wageni walikuja baada ya alasiri, tukawatandikia ukumbini, sisi wanawake tukakaa nyuma ya pazia na birika za kahawa. Mdogo wangu wa kiume alikaa katikati, kwenye mto mkubwa, kofia yake imemkaa vizuri. Wageni walipokuwa wanajipanga ikasikika hodi nyengine. Alikuwa ami. Hakustahamili watu waseme posa imefanyika na yeye hayupo. Aliingia, akatizama juu ya kabati, na nilimwona kwenye upenyo wa pazia namna taya lake lilivyokaza. Mto mkubwa una mtu. Akakaa karibu na mlango.

Msemaji wao alisema maneno yake mazuri ya kuomba. Ami akajisafisha koo. Na kabla hajafungua mdomo, mdogo wangu akasema, sauti imemkwama kidogo kwanza, "Karibuni sana. Mimi ndiye kaka yake. Tumekusikieni." Nyuma ya pazia mdogo wangu wa kike alinishika mkono kwa nguvu akaniachia alama za kucha. Kaka yake aliendelea mpaka mwisho, hakukoholewa.

Kahawa ilipopita, kaka mkubwa wa bwana harusi akainua macho. "Na yule mzee kule juu ni wa upande gani?"

Macho yote yakapanda kabatini.

"Yule wa dada," akajibu mdogo wangu. "Hang'ati."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mmoja wa wageni akasema basi mahari hawatayachelewesha, maana wanaona nani atatumwa kuja kuyadai. Ami hakucheka. Ilipoombwa dua, amina yake ilikuwa kubwa kuliko ya wote, kama kwamba shughuli ni yake, na hata amina ile ilinitia hasira.

Wageni walipotoka alibaki mlangoni anatafuta viatu vyake.

"We binti!"

"Naam, ami."

"Kichwa kipo palepale."

"Kipo."

"Na macho umelitia."

"Leo asubuhi."

Alivaa makubadhi yake, la kushoto kisha la kulia, akashuka baraza. Hajarudi, na sijamwita.

Kesho yake nililishusha, nikalipaka vanishi isiyong'ara mara mbili, nikasubiri likauke ndani, mbali na jua. Kisha nikalirudisha mahali pake juu ya kabati, uso umeelekea mlangoni.