Siku Niliyompiga Picha Mume Wangu Akila

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hucheka peke yangu hata nikiwa kwenye foleni ya zahanati, na watu hunitazama wakidhani homa imenipanda kichwani. Ilitokea katika ujana wangu. Sisemi ujana ule wa kwanza, wa kusuka nywele na kupitapita mbele ya nyumba za watu. Huo ulipita zamani, na sikufanya ndani yake kosa lolote la maana kwa kuwa mama yangu hakuniachia nafasi. Nasema ujana wangu wa pili, ulionijia nimeshastaafu, nina wajukuu, na magoti yanalia nikiinama. Maana kila anayeanza jambo asilolijua ni kijana, hata awe na mvi mpaka kwenye nyusi.

Mimi ni Mwamini, mzaliwa wa Ujiji. Kazi yangu ilikuwa upishi katika shule ya bweni. Nimesonga ugali kwa mwiko mrefu kama kasia, na nimeonja maharage ya vizazi na vizazi vya wanafunzi. Kuonja ni sehemu ya kazi, nami nilikuwa mchapakazi. Nilipostaafu mwiko niliuacha shuleni, lakini kuonja nilikuja nako nyumbani. Ugali wa muhogo, samaki wetu wa ziwani mgebuka kwa mawese, chai yenye sukari ya kutosha kusimamisha kijiko. Nikaendelea hivyo mpaka siku kizunguzungu kiliponiangusha soko la Mwanga, juu ya mafungu ya nyanya ya mwanamke wa watu.

Daktari alikuwa binti mpole. Aliniambia sukari imepanda na presha inaifuata nyuma. Nipunguze ugali, niache mafuta mengi, chai niinywe bila kitu, na kila asubuhi nitembee. Niliogopa, mwanangu. Dada mkubwa wa mume wangu tulimzika kwa ugonjwa huohuo, na kabla ya kumzika tulishuhudia akikatwa mguu. Kwa hiyo sikubishana na yule binti. Kesho yake alfajiri nikajifunga khanga kiunoni nikatoka kutembea.

Sasa wewe waijua Ujiji. Mwanamke mnene wa umri wangu akionekana anakwenda mbio alfajiri, hana kikapu, hana ndoo, watu hufikiri jambo moja tu. Jirani wa kwanza aliniuliza nani amefariki. Nikamjibu hakuna, natembea tu. Hakuamini, alidhani sitaki kumshtua. Akaingia ndani, akatoka amejitanda, akanifuata kimya. Wa pili akamwona wa kwanza, naye akaja. Tulipofika karibu na mwalo, pale mitumbwi inapofikia, nilikuwa na msafara nyuma yangu, na mmoja ameshaanza kulia. Ilinibidi nisimame niwaeleze kuwa wanalia kwa ajili ya sukari yangu. Hawakufurahi. Msiba ukikosa maiti, waombolezaji huona wamedhulumiwa.

Nikaona nahitaji sababu ya kutembea. Hapo ndipo kamera ilipoingia. Palikuwa na kijana wangu mmoja, Yohana, aliyekula ugali wangu miaka yake yote ya sekondari, na sasa ana studio ya picha kule Mwanga. Nilipomsimulia mkasa wangu alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanitolea kabatini kamera yake ya zamani ambayo alikuwa haitumii tena. Akasema mtu mwenye kamera shingoni anaweza kusimama popote, saa yoyote, na hakuna atakayemuuliza nani amefariki.

Basi Yohana akawa ananifundisha mwanga pale Mwanga. Nisimpige mtu aliyeligeuzia jua mgongo, atatoka mweusi kama chungu. Nishike pumzi kabla ya kubonyeza. Nitazame kwanza, nibonyeze baadaye. Hilo la mwisho lilinishinda. Picha zangu za mwanzo zilikuwa za watu wasio na vichwa, na vichwa vya mbuzi visivyo na mbuzi. Lakini nilipenda, mwanangu, nilipenda kama msichana aliyepata mchumba. Nilipiga dagaa waliotandazwa mchangani kama shuka la fedha. Nilipiga milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, mvua ikiwa imeisafisha hewa. Nilipiga wanawake waliotelemka kutoka Kalinzi na mikungu ya ndizi, wakanisalimu kwa Kiha na kuniuliza kama hiyo kamera ni yangu kweli au nimeokota.

Wahenga walisema kipya kinyemi kingawa kidonda. Mimi nilikuwa na vipya viwili, na vyote vikanipanda kichwani. Kwa nini nisiseme ukweli? Nilipoona nguo zimeanza kunilegea na kizunguzungu kimeondoka, nikajiona nabii wa chakula. Dumu la mawese nikalitoa nje, nikampa jirani. Sukari nikaificha, kisha nikasahau nilipoificha. Nikawa nachemsha samaki kwa maji na chumvi ya kuhesabu punje, pembeni matembele ya maji na kipande cha ugali kama sabuni ya mgeni. Na chakula hicho sikukila peke yangu. Nilimtengea pia mume wangu, Mzee Kassim.

Kassim, nikujulishe, ni mwembamba kama mlingoti. Alifanya kazi bandarini ujana wake wote, na tangu nimjue anakula kama wanaume watatu na hanenepi hata kidole. Daktari hakumpima wala hakumtaja. Lakini mimi nilishaamua: nyumba moja, chungu kimoja. Siku ya kwanza alimtazama yule samaki mweupe, akaniuliza kwa upole kama kuna mgonjwa. Nikamjibu kwamba mgonjwa ni yule asiyejua kuwa anaumwa. Akala kimya. Siku zilizofuata nazo akala kimya, na suruali zake, ambazo hazikuwahi kuwa na cha kushikilia, zikaanza kufungwa kwa kamba.

Kisha akabadilika. Akawa anatoka kabla ya chakula cha mchana, akisema anakwenda kumsaidia rafiki kuziba mtumbwi. Akirudi anakula tonge mbili, anashukuru, anajinyoosha mkekani akiimba puani. Nami nikawaambia wanawake wenzangu kwa majivuno kwamba mume wangu ameshazoea. Nikawashauri na wao. Mmoja akaniuliza huo mtumbwi una matundu mangapi hata usizibike mwezi mzima. Nikaona ana wivu.

Siku yenyewe ninayoisema, jua lilikuwa zuri, nikaenda mwaloni kabla ya adhuhuri kupiga picha za mitumbwi. Kamera ile ina lenzi ya kuvuta, kitu cha mbali ukakiona kama kiko kiganjani. Nikavuta mtumbwi mmoja, nikavuta kunguru juu ya kamba ya nyavu, nikavuta moshi uliokuwa ukipanda kwenye kibanda cha makuti. Ndani ya moshi nikaona kofia ya kijani. Kofia ile niliifuma mwenyewe, na katika Ujiji nzima hakuna mwingine aliyekubali kuivaa. Chini ya kofia alikuwa Kassim. Mbele yake alikaa Mama Neema, mjane mkaanga samaki, anajifuta jasho kwa ncha ya khanga na kucheka, na Kassim naye anacheka, kichwa kimerudi nyuma, meno yote nje. Mwanangu, macho hayana pazia, lakini siku ile nilitamani ya kwangu yangekuwa nalo. Kidole kilibonyeza chenyewe.

Sikwenda kwenye kibanda. Nilikwenda moja kwa moja Mwanga kwa Yohana, nikamwambia anisafishie picha ile, kubwa, ya kuonekana. Maskini, hakujua. Aliitazama akasema kwamba ndiyo picha yangu bora tangu nianze, ina uhai, mzee amefurahi kweli. Nikamjibu kwamba furaha hiyo itaisha leo.

Nikaichukua mpaka kwa Bi Tausi, shangazi yake Kassim, mwanamke mzee kuliko wote katika ukoo wao, ambaye neno lake likitoka hakuna anayelirudisha. Nilimwamkia, nikaketi, nikalia kidogo ili aone uzito wa jambo, kisha nikamwekea picha magotini. Akavaa miwani. Akaitazama muda mrefu mpaka nikaona haya kwa niaba ya Kassim.

"Huyu si mgebuka wa mawese?" akauliza.

Nikasema ndiye, shangazi, lakini mtazame huyo mwanamke. Akaisogeza picha karibu na pua.

"Na hapa pembeni ni ndizi, au macho yangu?"

Nikasema ni ndizi. Akameza mate, akavua miwani, akaifuta taratibu kwa upindo wa baibui. Nami nikangoja hukumu ya mume wangu, ikanishukia mimi.

"Mwamini," akasema, "mwanamke namwona, anakaanga. Mwanamume namwona, anakula. Nisiyemwona hapa ni wewe. Ulikuwa wapi mumeo alipokuwa na njaa?"

Nikafungua mdomo, na jibu nililolikuta ndani lilikuwa kwamba nilikuwa napiga picha. Nikaufunga.

Akaendelea, bila kupandisha sauti. Alisema daktari alinipa dawa yangu, na dawa ya mtu mmoja hainywewi na ukoo mzima. Alisema Mama Neema anawalisha nusu ya wanaume wa mwaloni, na kama kila anayecheka kwenye sahani yake angekuwa mchumba, mjane yule asingepata nafasi ya kugeuza samaki. Halafu akaniambia lile lililonikaa. "Umempiga picha kila dagaa wa ziwa hili. Mumeo unakula naye sahani moja, hukumwona anakonda." Akanirudishia picha, kisha akaitaka tena, akaitazama mara ya mwisho kwenye ile pembe ya ndizi.

Kesho yake saa ya chakula nilikwenda mwaloni. Nikapiga hodi kwenye kibanda. Mama Neema akanikaribisha vizuri, kama anavyomkaribisha kila mtu. Kassim alikuwa ameshika kipande cha mgebuka, kimefika nusu ya safari. Mkono ukasimama hapohapo hewani, mafuta mekundu yakimchuruzika kuelekea kwenye kiwiko. Nami maneno yote niliyoyapanga njiani yakaniruka, nikajikuta nimeinua kamera.

"Baba Riziki, usimeze kwanza," nikamwambia.

Nikashika pumzi. Nikatazama. Nikamwona, mwanangu, baada ya siku nyingi: mashavu yalivyoingia, kola ya shati ilivyompwaya, na yale macho ya mtu aliyekamatwa ambaye bado anatumaini. Ndipo nikabonyeza.

Nikaketi kwenye benchi pembeni yake. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba chakula kimemshinda. Aliweka samaki chini, akanawa, na alipozungumza alikuwa akiangalia ziwa.

"Niliona unapona, Mama Riziki. Nikaogopa nikidai mawese yarudi jikoni, na wewe utayarudia. Dada yangu nilimbeba mgongoni kwa ajili ya ule mguu. Wewe siwezi kukubeba."

Aliposema hivyo akanitazama mzima mzima, toka juu hadi chini, na mimi nikaelewa kwamba hata ningekuwa na afya njema kunibeba ni suala jingine. Tukacheka wote wawili, na Mama Neema aliyekuwa akijifanya hasikii akacheka kuliko sisi. Nikamwomba na mimi samaki, lakini wa kuchoma, bila mafuta. Akanichomea kuhe kwa ndimu na pilipili, akaniwekea mboga ya majani, na nakwambia kwa kiapo: chakula kilikuwa kitamu. Mpishi mzima nilikuwa nimesahau kwamba moto na ndimu vipo duniani.

Tangu siku ile jikoni kwangu pana vyungu viwili. Kassim ana mawese yake, kidogo, na mimi nina samaki wangu wa kuchoma. Sukari ilishuka, na yule binti daktari aliniuliza siri ni nini. Kutembea bado natembea, na jirani bado ananiuliza mara mojamoja, kwa tahadhari. Suruali za Kassim hazijanenepa lakini zimerudi kwenye mkanda. Picha zote mbili nilimpelekea Bi Tausi. Ile ya kwanza akaniambia niichane. Ile ya pili aliiweka ukutani kwake, akisema inamfungulia hamu ya kula.

Sasa nikuambie nilichokuitia, mwanangu. Vijana wa siku hizi mnaanza mambo mapya kila Jumatatu. Huyu ameacha nyama, yule ameacha wanga, mwingine amenunua kamera au baiskeli au amejiunga na mazoezi. Anzeni, msiogope kuchekwa. Mwenda pole hajikwai, na mimi nilianza nikiwa na wajukuu. Ila jambo jema ulilolipata, ulile kwanza wewe mwenyewe, polepole, likuingie mwilini. Usimshindilie mwenzio mdomoni kwa sababu limekufaa wewe. Akitaka, ataomba tonge. Akinyamaza, usidhani amekubali. Huenda ana njaa na anakupenda, na mtu mwenye vyote viwili huwa hasemi.

Na ukipewa kitu cha kutazamia, iwe kamera, iwe elimu, iwe simu hiyo unayolala nayo, usikielekeze mbali siku zote. Cha mbali kinapendeza kwa sababu hakikudai chochote. Anza na aliye karibu yako, umwone kwa mwanga mzuri. Ukiona jambo lake limekuchoma moyo, shika pumzi kwanza. Sogea karibu. Uliza ndipo uhukumu.

Mungu akupe mwili mzima na jicho la huruma. Akupe chakula kinachopatana nawe, na mtu wa kukaa naye benchi moja wakati wa kukila. Nyumba yako isikose moshi wa jikoni, wala mlango wako usikose wa kupiga hodi. Utakapozeeka uwe na ujana mwingine unaokungoja, na wa kukucheka ndani yake wawe ni wale wanaokupenda. Amina, mwanangu, nenda salama.