Uzi Mweusi wa Saa ya Mkwe

Aibu hii nawapa mwenyewe, kabla hamjaipata kilabuni Kyimo ikiwa imetiwa chumvi, maana mpaka leo nikiona beseni la kunawia mikono natazama pembeni.

Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini saa nazijua, na si hizi za kumetameta, mimi nakusanya saa kuukuu za wanajeshi wazamiaji, zile nene, nzito, zenye pete ya juu inayozunguka na mishale inayong'aa hata chini ya maji (mke wangu huniuliza, "Baba Tumaini, wewe hata mtoni unavuka kwa kushikwa mkono, unazamia wapi?"). Ninazo mbili tu. Moja nilibadilishana na mbuzi, na mbuzi mwenyewe alikuwa wa mke wangu, hiyo tuiache. Aliyenifundisha ni Fundi Sefu wa Bulyaga, yeye ndiye aliniambia saa ya jeshi ya kweli ina namba nyuma ya mfuniko, na ukiufungua unaikuta namba ileile imerudiwa ndani. Mengine hakuniambia, au aliniambia wakati mimi nawaza namba.

Sasa mwanangu Tumaini akapata mtoto, akampa jina la Ambakisye, jina la marehemu mdogo wake mkwe mwenzangu, Mwakalinga wa Masoko. Marehemu alikuwa mzamiaji wa jeshi. Ikapangwa Mwakalinga aje kwangu na saa ya marehemu, amkabidhi mjukuu wetu mbele ya ndugu wa pande zote. Na saa ilikuwa inatembea! Mwakalinga aliitia ufunguo kila asubuhi tangu msiba, alisema akiisikia ni kama mdogo wake anapumua chumba cha pili.

Alipofika akanisalimu kwa Kinyakyusa, akaivua saa akanipa. "Ndaga mkwe, wewe ndiye mtaalamu, nishikie nisalimie watu."

Kushika tu, ndugu zangu. Mimi nikaenda nayo nyuma ya jiko, kwenye migomba, nikatoa kifungulio mfukoni (sitembei bila hicho), nikafungua. Namba hiyo hapo! Nusura nicheze. Lakini kwenye ukingo nikaona uzi mweusi umezunguka, unanata kama lami, nikasema huu uchafu wa miaka, mzee wa watu hakujua kusafisha, nikauchokoa wote kwa ukucha, nikaupaka kwenye mgomba. Nikafunga.

Hapohapo migombani alikuwepo mkamwana wangu Tusekile, mke wa Tumaini, binti yake huyo Mwakalinga, anakata majani ya kufunikia ndizi. Kwetu Wanyakyusa tangu zamani mkamwana na baba mkwe hawatazamani wala hawasemezani. Siku hizi wengi wameacha, lakini mimi nilishikilia, nikajisifu mpaka kanisani kwamba kwangu mila ipo: miaka minne hajanitamkia neno, akiniona anajifunika khanga na kupita nyuma ya nyumba. Basi siku ile akajibanza nyuma ya jani, akakohoa. Nikaendelea kuchokoa. Akakohoa tena, kwa nguvu. Nikadhani mafua.

Tukakaa, beseni la kunawa likaanza kuzunguka, na binamu yangu Mwaisaka, mdomo wake mnaujua, akasema, "Eti saa ya kuzamia! Mvua ya Tukuyu tu itaiua hiyo!" Watu wakacheka.

Mwakalinga akasimama. "Imefika vilindini ambako wewe hata ndotoni hujafika. Mkwe, waambie. Hii inaingia maji?"

Macho yote kwangu. Nami nikakaza shingo. "Haiingii!"

Akaitumbukiza mwenyewe kwenye beseni lililokuwa mbele yangu, anatabasamu. Alipoitoa, kioo kilikuwa na ukungu, halafu tone likateremka ndani, mshale mdogo ukatikisika, ukasimama. Akaiweka sikioni. Akaitikisa, akaiweka tena sikioni.

"Ambakisye," akaita, na hakuwa anamwita mtoto. "Nisamehe mdogo wangu. Nimekuzamisha kwa majivuno yangu."

Mnajua nilifanya nini? Nilimpapasa bega! "Pole mkwe," nikasema, "saa nazo huzeeka."

Ndipo Tusekile akatoka jikoni na mtoto mgongoni, kichwa wazi, akapita katikati ya wazee, akasimama mbele yangu akanitazama usoni.

"Baba," akasema. "Sema."

Maneno mawili baada ya miaka minne. Nikainua kidole, ukucha bado mweusi, nikasema yote, mpaka la mgomba. Hata Mwaisaka hakucheka. Mwakalinga akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Mkwe, ungeniomba tu, ningekufungulia mwenyewe."

Afadhali angenipiga.

Fundi Sefu aliikausha lakini haikuamka. "Uzi ule ni raba ya kuzuia maji," akaniambia. "Ndio mlango wenyewe. Umeng'oa mlango wa mtu ukauita uchafu." Saa zangu mbili nilizipeleka Masoko, Mwakalinga akazirudisha, akavaa ileile iliyokufa. Kifungulio nimekitupa chooni.

Na mila ile nimeilegeza mwenyewe. Sasa Tusekile akinipita asubuhi hajifuniki, ananisalimu, halafu anauliza, "Baba, kucha?" Nami namwonyesha, zote kumi. Na mtu akikohoa nyuma yangu, naacha ninachofanya, nageuka.